Tuchague Kitabu Gani cha Ibada ya Asubuhi?

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.)

Saa hii, katika vilima vya Kisii na Nyamira, ukungu bado umelala mabondeni. Kuna aliye jikoni akipuliza moto. Kuna anayekamua ng'ombe. Kuna aliyekwisha kujifunga plastiki kiunoni kwa sababu ya umande, kikapu kiko mgongoni, naye anaelekea shambani kuchuma chai. Hatutaki kukuchelewesha. Twataka tuzungumze juu ya swali moja ambalo Wakristo wengi huuliza, hasa mwaka unapokaribia kwisha: tuchague kitabu gani cha ibada ya kila siku?

Wazee wetu katika imani hawakuwa na taabu ya kuchagua. Aliyejua kusoma alikuwa na Biblia ya Kiswahili, ile iliyotolewa mwaka 1952, na pengine kitabu cha nyimbo, basi. Biblia nzima katika Ekegusii tuliipata mwaka 1988. Leo mambo ni mengine. Vitabu vya ibada viko vingi, vya Kiingereza na vya Kiswahili, vikubwa na vidogo, na vingine vimo ndani ya simu. Kila kimoja kina fungu la siku, maelezo mafupi na maombi. Mtu husimama mbele yake asijue achukue kipi.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Tarehe 3 Mei mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Zinzendorf aliwapa Wamoravian neno moja fupi la kushika kesho yake. Baada ya hapo neno la siku likawa linapelekwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa kuwa kitabu, na kitabu hicho hutolewa kila mwaka hata leo. Wamoravian walipofika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891, walikuwa tayari watu wa neno la siku kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Hapa kwetu ndugu zetu Waadventista, ambao kazi yao katika pande hizi za Nyanza ilianzia Gendia mwaka 1906 na kisha ikafika Nyanchwa, wana Kesha la Asubuhi. Walutheri, ambao kazi yao ilianzia Itierio mwaka 1948, nao wamefundishwa kusoma na kuomba nyumbani. Basi hatuzungumzi juu ya mambo mageni. Twazungumza juu ya mkate uliozoeleka mezani.

Lakini hebu tuwaambieni yaliyotupata sisi wenyewe, maana tulichagua vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kitabu cha ibada cha Kiingereza. Kilikuwa kizuri kwa macho, chenye jalada gumu na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Kusema kweli, tulikipenda kwa sababu mgeni akiingia angekiona juu ya meza. Kila asubuhi mmoja wetu alikisoma kwa sauti, watoto wakasinzia, naye nyanya yao, mama yetu mzee, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Tulipomaliza alisema "Amina." Nasi tukadhani ibada imekwisha salama.

Wakati huo huo tulikuwa na neno na ndugu yetu tunayepakana naye. Sisi tulikuwa tumepanda mikaratusi mpakani. Ninyi mnaokaa huku mnajua mashamba yetu yalivyo membamba, na mnajua mkaratusi ulivyo. Hunywa maji, hutupa kivuli, na mahindi yaliyo karibu nao hayanenepi. Ndugu yetu alisema mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa hasira, mara ya tatu akawaita wazee. Sisi tukajibu ya kwamba miti iko upande wetu. Ikapita miaka miwili hatusalimiani. Watoto wetu na watoto wake walipita njia moja kwenda shule, hawa mbele, hawa nyuma.

Na kile kitabu chetu chenye utepe? Kila asubuhi kilituambia ya kwamba baraka inakuja, ya kwamba tutainuliwa, ya kwamba adui zetu wataaibika. Nasi tuliposikia neno adui tulimwaza nani? Tulimwaza ndugu yetu. Tuliomba Mungu amnyamazishe. Ndiyo, wapendwa, tuliomba hivyo, tukiwa tumepiga magoti.

Siku moja, baada ya ile "Amina" yake, mama yetu akauliza, "Leo Mungu amesema nini?" Alimwuliza mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa karibu naye. Mtoto akatutazama. Sisi tukatazama kitabu. Hakuna aliyeweza kumjibu kwa lugha yake, na tulipojaribu tuliona ya kwamba hata sisi hatukukumbuka. Mama akasema kwa upole, "Basi kesho nisomeeni neno nitakalolisikia."

Tukakiweka kile kitabu kabatini. Tukachukua mpango mdogo wa kusoma, karatasi chache tu, unaofuata Injili ya Mathayo kwa utaratibu, sehemu fupi kila siku. Tukasoma katika Biblia ya Ekegusii, watoto wakipokezana. Siku za kwanza tulihesabu majina ya vizazi, watoto wakacheka. Tukafika mlimani, penye heri. Halafu asubuhi moja tukafika sura ya tano, mstari wa ishirini na tatu na wa ishirini na nne. Mnapajua. Ni pale Bwana anaposema juu ya mtu aliyekwisha kuileta sadaka yake mpaka madhabahuni, akakumbuka ya kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana hamwambii atoe kwanza. Amwambia aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza.

Msomaji siku ile alikuwa binti yetu mdogo. Alipomaliza, nyanya yake akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Nyumba ikanyamaza. Hakuna aliyetazama dirishani, maana kwa dirisha mikaratusi ilikuwa inaonekana.

Majuma mawili baadaye tuliikata. Haikuwa rahisi, na hatukuikata tukiimba. Tulikwenda kwa ndugu yetu tukamwambia tumekosa. Hakusema mengi. Lakini baada ya siku chache mke wake alimtuma mtoto kuja kuazima jembe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka miwili. Tulimpa lile jembe zuri.

Wapendwa, hatusemi ya kwamba kitabu cha Kiingereza ni kibaya, wala ya kwamba kila kitabu kikubwa ni cha majivuno. Twasema neno moja tu: kitabu chema cha asubuhi ni kile kinachotupeleka mahali ambapo sisi wenyewe tusingekwenda. Tukiachiwa kujichagulia mafungu, tutachagua matamu. Tungalikaa na lile fungu la baraka mpaka leo, na miti ingalisimama.

Kwa hiyo, unapotaka kuchagua, uulize maswali haya manne.

La kwanza: Je, kitabu hiki kinafungua Biblia, au kinakaa mahali pake? Viko vitabu ambavyo mtu husoma kisa cha mwandishi, akaruka fungu lenyewe. Kitabu chema ni kama mtoto anayempeleka mgeni mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba, kisha anakaa kando. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya kumi na saba, walimsikiliza Paulo mwenyewe, lakini waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo ilivyo. Ikiwa Paulo alichunguzwa, na mwandishi wa kitabu chako achunguzwe.

La pili: Je, wote waliomo nyumbani wanaisikia lugha yake? Kama mnaomba kwa Ekegusii, someni kwa Ekegusii. Kama watoto wamekulia mjini na Kiswahili ndicho wanachokielewa, someni kwa Kiswahili. Mtu anayesema "Amina" bila kuelewa tumemfungia nje, hata kama kiti chake kiko ndani.

La tatu: Je, kinaenea katika asubuhi yetu? Mchuma chai hana saa nzima. Mama anayeandaa watoto wa shule hana nusu saa. Afadhali dakika kumi za kila siku kuliko saa moja ya Januari ambayo Februari imekufa. Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku kwa siku. Waliyoiweka akiba bila amri iliingia mabuu. Na kama asubuhi haiwezekani kabisa, basi iwe jioni. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na Mungu alimsikia zote tatu.

La nne: Je, kinatutaka tufanye neno? Kinatuuliza juu ya mpaka wa shamba, juu ya deni, juu ya ulimi wetu, juu ya mshahara wa kibarua? Au kinatuahidi tu? Kitabu kisichotukemea hata siku moja kwa mwaka mzima, tukiogope.

Na ukishachagua, ushike kimoja. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Usiwe na kitabu cha Jumatatu na kingine cha Jumanne, na neno la simu la kila saa. Maliza mwaka na kimoja, hata kama siku nyingine ni kikavu. Hata shambani si kila asubuhi kikapu hujaa, wala hatuachi kwenda.

Twamalizia na jambo tulilojifunza baadaye. Mwenye kukata mkaratusi anajua ya kwamba kisiki hakifi. Mvua ikinyesha, nayo huku kwetu hainyimi, machipukizi hutoka pembeni mwa kisiki, mekundu na laini, na ukiyaacha miezi michache yamekuwa miti tena. Inatupasa kupita na panga na kuyaondoa yakiwa bado madogo. Ndivyo moyo wetu ulivyo. Hasira juu ya ndugu tuliikata siku moja, lakini imechipua mara nyingi tangu hapo. Ndiyo maana ibada ni ya kila siku, si ya mara moja.

Mama yetu sasa ni mzee sana na masikio yake yamekuwa mazito. Bado hukaa kwenye kiti kile karibu na mlango. Bado huuliza, "Leo Mungu amesema nini?" Mpendwa msikilizaji, akiuliza mtu nyumbani mwako asubuhi hii, mtamjibu nini?

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeamka alfajiri ukaenda mahali pasipo watu kuomba, utufundishe kuamka. Utupe neno tunaloweza kulisikia sote, wazee na watoto. Usituache tujichagulie yaliyo matamu tu. Utupeleke kwa ndugu tuliyemkosea, kabla jua la leo halijazama nyuma ya vilima. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.