Maji ya Tabora Huchemka kwa Nyuzi Ngapi?



Vitabu vinasema maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mtoto wa darasa la tano hapa Tabora akitumbukiza kipimajoto kizuri katika sufuria inayotokota atasoma karibu 96. Sasa fungua daftari lake. Aghalabu ameandika 100, na mwalimu amempa vema.

Hatua za uchunguzi wa kisayansi watoto wanazijua. Wamezinakili ubaoni, wakazikariri, wakazijibia mtihani: swali, utabiri, jaribio, matokeo, hitimisho. Tusichowafundisha ni ujasiri wa kuandika 96 mbele ya kitabu kinachosema 100, kisha kuuliza: kipimajoto kibovu, maji machafu, au kuna jambo?

Jambo lipo. Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji hapa ni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo maji huwahi kuchemka. Kila ukipanda mita 300, unapoteza takriban nyuzi moja. Waliopita njia ya misafara wakiwa na vipimajoto walipima vimo vya nchi kwa namna hiyohiyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, na hapa ndipo mfanyabiashara Snay bin Amir alipowaeleza habari za maziwa. Speke alichemsha maji Ziwa Tanganyika, akapata kimo cha futi 1,844. Kimo chake halisi kinazidi 2,500. Agosti 1858 akafika Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, akapata kama futi 3,740. Kimo halisi ni kama 3,720. Mtu yuleyule, safari ileile, kipimo kimoja kimepotoka vibaya na kingine kimelenga. Anayepima mara moja hana njia ya kujua kipi ni kipi.

Speke akatangaza kwamba Nyanza ndiyo chanzo cha Nile, naye ameona ncha ya kusini tu. Burton akakataa. Historia imempa Speke ushindi, lakini darasani mimi nasimama na Burton: alidai ushahidi ambao mwenzake hakuwa nao. Ilibidi msafiri mwingine, Stanley, alizunguke ziwa hilo mwaka 1875 ndipo mabishano yapoe. Mtoto aelewe kwamba mtu aweza kupatia jibu bila kuwa amelithibitisha.

Mtaniambia madarasa yamefurika na maabara hakuna. Kweli. Ila jaribio hili linataka jiko la mkaa, sufuria moja, vipimajoto viwili au vitatu, na mwalimu anayeshika maji ya moto yeye mwenyewe. Kila mtoto aandike utabiri wake kabla moto haujawashwa, kwa kalamu ya wino, asije akaufuta. Wasomaji wachache wasome kipimajoto kwa zamu, kila mmoja aandike bila kumnong'oneza mwenzake. Halafu mwalimu auchochee moto, abaki na maji yaleyale na sufuria ileile, aulize: sasa itapanda? Wengi watasema ndiyo. Haipandi, maji yataisha upesi tu. Kelele zitakazozuka hapo ndizo somo, mwalimu asikimbilie kuzinyamazisha kwa jibu.

Ninalo ombi. Shule za Bagamoyo, Dodoma, Tabora na Ujiji, zote zilizo kwenye njia ile ya zamani au jirani nayo, zichemshe maji siku moja na kutumiana matokeo kwa simu. Bagamoyo itakaribia 100. Ujiji, iliyo chini kuliko sisi, yapaswa kutuzidi kwa nyuzi moja hivi, na watoto wa pande zote mbili watataka kujua kwa nini. Walimu wakuu mliomo humu, niachieni majina ya shule zenu kabla hamjatoka ukumbini. Vipimajoto vya kuanzia nimekuja navyo.