Kahawa Inayovundikwa Kwenye Pipa: Faida, Hatari na Tahadhari kwa Mkulima Mdogo



Wilaya ya Mbarali ni nchi ya mpunga. Mkazi wa Rujewa, Ubaruku au Igurusi hahitaji kufundishwa kwamba mchele wenye harufu nzuri, usiochanganywa wala kujaa chenga, hupata bei ambayo mchele mwingine hauipati. Somo hilohilo linazungumzwa sasa katika kahawa inayolimwa Mbozi, Ileje, Rungwe na Mbeya Vijijini. Kwa mwananchi mwenye shamba huko, au mwenye ndugu anayelima huko, ni vema kuelewa mambo haya kabla ya kununua pipa la kwanza.

Kahawa huonjwa na wataalamu na kupewa alama kati ya 100. Inayofikisha alama 80 au zaidi, bila kasoro kubwa, huitwa kahawa maalumu. Wanunuzi wa kahawa hiyo hutafuta ladha ya pekee na hulipia upekee huo. Njia mojawapo ya kuupata ni kubadili namna ya kuvundika.

Kuvundika si jambo geni. Punje ya kahawa iliyomenywa hufunikwa na ulenda wenye sukari. Mkulima huiacha kwenye tangi kwa saa 12 hadi 48 kulingana na joto la mahali, ulenda huo ukalegezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, kisha huiosha na kuianika. Wenyeji wa Iringa wanalijua jambo hili kwa ulanzi: ukigemwa leo ni mtogwa, mtamu, ukikaa huwa mkangafu, mkali. Utomvu ni uleule. Kilichobadilika ni muda na kazi ya vijidudu.

Njia mpya huliongoza badiliko hilo kwa makusudi. Matunda mabivu, au punje zilizomenywa, huwekwa kwenye pipa safi lenye mfuniko usiopitisha hewa. Bomba jembamba hutoka kwenye mfuniko na ncha yake huzamishwa katika chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa ya nje isiingie. Pasipo hewa, vijidudu vinavyotengeneza siki hudhoofika, na vile vinavyochachua maziwa hupata nafasi. Ladha inayotokea huweza kufanana na matunda au mvinyo. Mwaka 2015, Sasa Sestic wa Australia alishinda mashindano ya dunia ya waandaaji wa kahawa mjini Seattle, Marekani, kwa kahawa ya Kolombia iliyovundikwa katika gesi ya kaboni, njia iliyoazimwa kwa watengenezaji wa mvinyo wa Ufaransa. Tangu hapo wakulima wa nchi nyingi wameijaribu.

Hata hivyo, hasara yake inahesabika. Pipa la lita 200 huchukua takriban kilo 120 za matunda. Kwa kuwa kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi, pipa moja ni kama kilo 20 za kahawa safi. Likipitiliza muda, kahawa hunuka siki au uozo, na hakuna mashine ya kukoboa inayoweza kuirudisha. Kwa kaya yenye miti michache, hiyo ni ada ya shule au mbolea ya msimu ujao.

Hatari ya pili ni ya jirani. Wakulima wengi huuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, ambako kahawa ya wanachama hukusanywa pamoja. Punje chache zilizooza zinatosha kuharibu kikombe cha mwonjaji, na mzigo mzima ukashushwa daraja. Mchuma janga hula na wa kwao. Hata kahawa ya pipa iliyofanikiwa haifai kuchanganywa, kwa sababu ladha ambayo mnunuzi mmoja anaitafuta, mwingine huihesabu kuwa kasoro.

Kwa sababu hizo, mambo matano yazingatiwe.

Kwanza, mnunuzi atangulie pipa. Makubaliano yafanyike kwa maandishi, kupitia chama cha ushirika na kwa kufuata taratibu za Bodi ya Kahawa Tanzania.

Pili, jaribio liwe dogo. Sehemu kubwa ya mavuno iendelee kuandaliwa kwa njia iliyozoeleka, ili kipato cha kaya kisitegemee bahati.

Tatu, yachumwe matunda mekundu pekee, nayo yatumbukizwe majini ili yanayoelea yatolewe. Pipa haligeuzi tunda bichi kuwa kahawa nzuri.

Nne, kila pipa liwe na daftari: tarehe, saa ya kufunga, joto, saa ya kufungua na harufu iliyokutwa. Bila kumbukumbu, atakayefanikiwa mwaka huu hataweza kurudia mwakani, na mnunuzi hurudi kwa yule tu anayeweza kurudia.

Tano, ukaushaji usiharakishwe wala kupuuzwa. Kahawa ianikwe juu ya vichanja, igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe usiku na wakati wa mvua, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 10 hadi 12. Ikihifadhiwa ingali mbichi huota ukungu, na kazi yote ya pipa hupotea. Maji machafu ya kuvundikia yaelekezwe shimoni, si mtoni. Watu wa Usangu, wanaoishi kwa mifereji, wanajua thamani ya maji safi kutoka juu.

Ushauri upo karibu. Afisa ugani wa kata ni mlango wa kwanza, na afisa ushirika hueleza taratibu za vyama. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao makuu Lyamungu mkoani Kilimanjaro, ina kituo chake Mbimba, wilayani Mbozi, kinachohudumia nyanda hizi.

Pipa ni chombo tu. Mkulima anayechuma vizuri, anayekausha vizuri na anayetenga mzigo wake anaweza kulitumia kwa faida. Asiyefanya hayo aanze nayo kwanza, kwani yataiinua hata kahawa yake ya kawaida, bila gharama ya pipa.