Kabla ya Kununua Kabureta Mpya



Mwenye pikipiki ya zamani inayozimika kila aachiapo mafuta huambiwa upesi kwamba kabureta imekufa. Twamwomba asitoe fedha kabla ya kutazama mipira.

Mpira unaounganisha kabureta na injini, pamoja na mipira myembamba ya hewa iliyo kando yake, hukauka na kupasuka kwa joto na umri. Hewa isiyopitia kwenye kabureta ikipenya hapo, petroli huwa haba: mngurumo hupanda wenyewe, au huchelewa kushuka. Injini ikinguruma polepole, fundi anyunyizie maungio maji ya sabuni, wala si petroli. Mlio ukibadilika, ufa uko hapo. Usipobadilika, nayo injini hutulia choki ikivutwa, yamkini jeti ndogo imeziba. Hiyo husafishwa tu. Wapo waizibuao kwa waya. Waya hupanua tundu, na hapo ndipo kabureta huharibika kweli.

Baadhi ya pikipiki za Kijapani za miaka ya 1980 zina koki ya petroli ifunguliwayo na mvuto wa hewa wa injini. Zimeni injini, mchomoe mpira wake. Mkikuta petroli ndani, kiwambo cha koki kimetoboka, na huenda petroli inashukia kwenye oili. Oili ikinuka petroli, tengenezeni koki na kubadilisha oili kabla ya kuwasha tena.

Kifaa cha zamani kilichotolewa ni mali yenu; kidaini pamoja na risiti.