Kwaya za Vijana: Kushindana au Kushirikiana?



Nimeombwa niseme machache juu ya kwaya. Enzi zetu tulifanya mazoezi madirisha yamefungwa, ili shule za ziwani zisije zikaiba wimbo wetu. Mwaka tulioshindwa, lawama zote ziliangukia sauti ya tatu, na vijana wawili wakaacha kuimba kabisa. Mmoja wao ni huyu anayesema nanyi.

Wazee wetu nao walishindana, sikatai. Katika mganda wa Wanyasa na Wamatengo kijiji hupambana na kijiji, na nguo nyeupe hupigwa pasi kweli kweli! Lakini mwenyeji humpikia mgeni wake. Na vibuyu vile, vikubwa kwa vidogo, hupulizwa pamoja. Kimoja peke yake ni kelele tu.

Shule ya wavulana ina besi tele, haina sauti ya kwanza. Ya wasichana ni kinyume chake. Tena tangu mwaka 2012, Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, vijana wetu wamo katika wilaya mbili. Kila kwaya ikishindana kwao, huenda wasikutane kamwe. Zamani kuteremka Mbamba Bay kwa lori wakati wa masika kulikula siku nzima. Leo lami inafika.

Napendekeza fedha tulizokusudia kununulia kikombe zilipie usafiri: kwaya mbili, juma moja la mazoezi, wimbo mmoja wa sauti nne, uimbwe ufukoni bila waamuzi. Mimi naahidi nauli za vijana kumi. Ndugu Katibu, tafadhali andika.