Sauti Tuliyoitoa



Mapadre, masista, wazazi na wanakwaya wenzetu, katika jubilei hii tunamkumbuka dada yetu aliyeongoza sauti ya pili. Alipotuambia anajiunga na masista Wafransisko, tulinung'unika. Nyumbani walikuwa wakisubiri mshahara wake wa kwanza. Jioni za mazoezi, ndani ya matatu kutoka mjini hadi Kangemi, tulimsihi abaki.

Siku ya nadhiri zake za daima alilala kifudifudi mbele ya altare, nasi tukaimba Litania ya Watakatifu. Wengi wetu tulishindwa kwa machozi. Mama yake ndiye aliyeendelea kuitikia. Alipoinuka, tulitazama mshipi wake wenye mafundo matatu: ufukara, useja na utii.

Mtakatifu Fransisko alitunga Utenzi wa Viumbe mwaka 1225, mgonjwa, macho yamefifia, hana mali yoyote. Bado aliimba.

Tangu siku ile tunachangia karo ya mdogo wake. Wazazi, mtoto wenu akiitwa, msimzuie. Pengo lake nyumbani tutaliziba pamoja.

Amani na wema!