Mpunga, Mahindi na Hewa Wanayokula

Katika mazungumzo ya leo twataka kusema habari za jamii ya nyasi, maana humo ndimo tupatapo wali, ugali na sukari, na tena humo ndimo watokapo adui wengi wa mkulima.

Mtu asimamaye Lipangalala, katika mji wa Ifakara, akalitazama bonde la Kilombero, huona nyasi kila upande. Mpunga ni nyasi, mahindi ni nyasi, na miwa ya Kidatu, ambayo tangu miaka ya 1960 hukamuliwa sukari kiwandani, nayo ni nyasi. Kwa macho ni ndugu wa nyumba moja. Walakini adhuhuri ifikapo, jua likawa kali na hewa ikawa ya moto, hawafanyi kazi sawasawa. Muwa na muhindi huzidi kujijenga kadiri jua linavyozidi. Mpunga hufika mahali usiweze kuongeza tena, hata ukipewa maji tele na samadi nzuri. Sababu haimo udongoni. Imo ndani ya jani, nayo ni kitu kidogo mno kiitwacho kimeng'enya.

Kila mama apikaye togwa ajua kazi ya kimeng'enya, ijapokuwa jina hili huenda hajalisikia. Uji mzito ukitiwa unga wa kimea cha ulezi, huwa mwepesi na mtamu bila kuongezwa sukari. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyoukata wanga wa uji kuwa sukari. Kimeng'enya huiharakisha kazi, wala chenyewe hakiliki katika kazi ile. Kikimaliza hapa huanza pale.

Basi jani nalo lina vyake. Mmea haujijengi kwa udongo, kama wengi wadhanivyo. Sehemu kubwa ya mwili wake mkavu hutoka hewani, katika hewa ya ukaa, ile tuitoayo puani na itokayo motoni. Hewa hiyo ni chache sana: katika sehemu 10,000 za hewa, ni sehemu 4 tu na kidogo. Jani huivuta kwa vitundu vyake, nacho kimeng'enya kiitwacho Rubisko huikamata na kuiunga katika kazi ya kufanya sukari, kwa nguvu za jua. Karibu kila chakula tulacho, na cha ng'ombe pia, kimepita mikononi mwa Rubisko.

Lakini Rubisko ni karani mzee wa ghala. Kwanza ni mzito: hupokea mizigo kama mitatu tu kwa sekunde, hali vimeng'enya vingine hupokea mamia na maelfu. Kwa hiyo mmea hulazimika kuajiri makarani wengi sana, na ndiyo maana jani lataka mbolea ya naitrojeni kwa wingi. Pili, naye huona vibaya. Mlangoni pake hupita oksijeni vilevile, na kwa kila punje moja ya hewa ya ukaa ziko kama 500 za oksijeni. Karani hukosea mara kwa mara, akaitia ghalani oksijeni mahali pa ukaa. Hapo hupatikana kitu kisichofaa, na mmea huna budi kutumia nguvu kukitengeneza upya, na katika kukitengeneza hupoteza ukaa uliokwisha kuupata. Joto likizidi, makosa huzidi. Katika nchi za joto hasara hiyo huweza kufika robo ya mavuno yote ya ukaa, na hata kupita. Hiyo ndiyo kodi ailipayo mpunga kila siku ya jua katika bonde letu; na ngano na mianzi nazo ni za namna hiyo hiyo.

Muhindi, muwa, mtama, ulezi, uwele na ukoka wamepata dawa ya jambo hili. Hawakumfukuza karani mzee, bali wamemwekea hamali mlangoni. Hamali huyo ni kimeng'enya kingine, kaboksilesi ya PEP kwa jina. Huyu hana haja na oksijeni hata kidogo; huukamata ukaa peke yake, naye ni mwepesi. Huufunga katika tindikali yenye kaboni nne, kisha mzigo huo hupelekwa chumba cha ndani, katika seli nene zilizoizunguka mishipa ya jani. Huko mzigo hufunguliwa na ukaa hutolewa, hata chumba kikajaa ukaa tele. Na humo chumbani ndimo alimofungiwa Rubisko. Atakosea vipi, hali amezungukwa na mzigo ulio halali?

Faida si hiyo tu. Kwa kuwa hamali hukamata ukaa hata ukiwa mchache, jani haliachi vitundu vyake wazi sana, wala maji hayakauki ovyo. Kwa kila kilo ya mwili wake, muhindi huweza kutumia karibu nusu tu ya maji yanayotumiwa na mimea ya namna ya mpunga.

Mwenye kutaka kuona alama ya jambo hili na akate kijipande chembamba cha jani la muhindi, akitazame kwa darubini ya shuleni. Ataona kila mshipa umevishwa seli kama shada la maua. Mwaustria Haberlandt aliyaona mashada hayo katika miaka ya 1880, lakini kazi yake haikujulikana kwa muda mrefu. Habari zilianza kudhihirika kwa watu wa miwa. Wataalamu wa visiwa vya Hawaii waliulisha muwa ukaa uliotiwa alama ya mnururisho, wakashangaa kuikuta alama kwanza katika tindikali za kaboni nne, si tatu kama ilivyotazamiwa. Wakayachapisha hayo mwaka 1965. Mrusi Karpilov alikuwa ameona kama hayo katika mahindi, akayaandika mwaka 1960, lakini wachache walimsoma. Hatch na Slack, huko Brisbane, Australia, ndio walioieleza njia yote tangu mwaka 1966.

Labda mtu atauliza, ikiwa hamali ni mwema hivi, mbona nyasi zote hazikumwajiri? Jibu ni kwamba hamali hulipwa. Kila mzigo aubebao hugharimu nguvu za jua zaidi. Penye joto na mwanga malipo hayo ni madogo kuliko hasara ya makosa. Penye baridi Rubisko hukosea kidogo, na hamali huwa gharama ya bure. Mwaka 1979 Tieszen na wenzake, Senyimba, Imbamba na Troughton, walitoa habari za nyasi za Kenya walizozichunguza kutoka nchi ya chini hadi milimani. Chini ya mita 2,000 nyasi za mahali pa wazi karibu zote zilikuwa za kaboni nne. Juu ya mita 3,000 karibu zote za kaboni tatu. Mlima wenyewe umezigawanya.

Sasa turudi shambani, maana hapa pana hasara ya kweli. Mpunga wa bondeni ni wa kaboni tatu, lakini magugu yake mengi ni ya kaboni nne. Ndago ni mojawapo. Nyingine ni ile nyasi ya jamii ya Echinokloa, iliyofanana mno na mpunga mchanga. Mwenye kupalilia hulitazama shingo la jani, kwani mpunga una kijiulimi cheupe hapo, na Echinokloa ya mashambani hana. Juani gugu hilo hukua upesi kuliko mpunga, na likisha kuupita kimo huutilia kivuli, hata karani mzee akakosa mwanga pia. Kwa hiyo wiki za kwanza ndizo zenye vita. Atakayengoja mpaka gugu lionekane waziwazi amekwisha kuliachia jua.

Wala isidhaniwe kuwa mpunga ni mmea duni. Husimama ndani ya maji ya masika ambayo muhindi ungekufa ndani yake. Hewa ya ukaa inayozidi duniani huusaidia kidogo, lakini joto lizidilo pamoja nayo huurudisha nyuma, kwani saa ya kuchanua joto likipita digrii 35 suke huweza kubaki na mapepe.

Tangu mwaka 2008 hivi wataalamu wa nchi mbalimbali, pamoja na wale wa taasisi ya mpunga huko Ufilipino, wamekuwa wakijaribu kumpa mpunga hamali wa muhindi. Kuutia mpunga kile kimeng'enya si kazi ngumu kupita kiasi. Ugumu ni kulijenga jani upya, mishipa ikaribiane na mashada yaizunguke, kwani hamali bila chumba cha ndani hubeba mzigo asijue pa kuutua. Mpaka sasa mpunga wa namna hiyo haujapandwa katika shamba la mkulima ye yote.