Mtoto Asiyehara: Hotuba ya Mahafali kwa Wahitimu wa Sayansi za Afya



Kuhara kwa watoto wadogo ni miongoni mwa maradhi ambayo wahitimu wa leo watayakuta katika kila zahanati, na kwa kuwa yamezoeleka, mara nyingi hutibiwa kwa mazoea. Utafiti uliofanywa katika nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya na Msumbiji zikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kriptosporidiamu, kimelea wa seli moja anayejificha ndani ya seli za ukuta wa utumbo, ni wa pili baada ya virusi vya rota katika kusababisha kuhara kwa kiwango cha wastani hadi kikali. Ganda lake gumu humkinga hata na klorini inayotiwa katika maji ya bomba, ingawa maji yakichemka humwua.

Linalostahili kutafakariwa zaidi limetoka Mirpur, mtaa uliosongamana jijini Dhaka, Bangladesh, ambako watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa na kupimwa kinyesi, wakiwa wazima na wakiwa wagonjwa. Wengi walikutwa na kimelea huyo bila kuhara, na hao walielekea kuwa na Megasphaera kwa wingi, yaani jamii fulani ya bakteria wa utumboni, hata kabla ya kuambukizwa. Kama bakteria hao ndio walinzi, au ni alama tu ya utumbo wenye hali njema, bado haijathibitishwa. Wala ukimya huo si uzima, kwa maana maambukizi yasiyo na dalili nayo yamehusishwa na udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyopasa kwa umri wake.

Kwa kuwa huenda bakteria wa utumboni ndio walinzi, kalamu ya mwandika dawa haina budi kwenda taratibu. Ukiacha kinyesi chenye damu na kipindupindu, antibayotiki zinazotolewa ili mama aridhike hazimdhuru kriptosporidiamu, bali huwavuruga bakteria. Nayo nitazoksanaidi, dawa iliyoidhinishwa Marekani dhidi ya kimelea huyo, ni ya kuanzia umri wa mwaka mmoja, hivyo huwaacha nje walio hatarini zaidi. Zinabaki ORS, zinki ya siku 10 hadi 14, na maziwa ya mama, ambayo baadhi ya sukari zake mtoto hawezi kuzimeng'enya, zikawa chakula cha bifidobakteria, wakazi wema wa utumbo mchanga.

Mgonjwa akishahudumiwa, huenda benchini ameketi nduguye, hahari, hana homa, anachezea pindo la khanga ya mama. Huyo naye apelekwe kwenye ubao wa kupimia urefu.